Bati Lisilo na Migongo

Mwanangu alipoungua mkono, kila aliyekuja kutupa pole alisema neno lilelile: mtoto hukua kwa makovu. Nilitamani kuwafukuza wote. Mtoto alitambaa mpaka kwenye sufuria ya uji niliyokuwa nimeiepua na kuiweka chini, kwa sababu jikoni kwetu hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Kila kitu kilikuwa chini: moto, unga, kisu, na mwanangu.

Siku hiyohiyo nikaamua. Nitajenga meza ya matofali, ndefu, iliyoshikana na ukuta, na juu yake bati. Ubao sikuutaka; mchwa wa huku wangeumaliza kabla mtoto hajaanza shule.

"Bati!" Mume wangu alicheka. Upande mmoja wa nyumba yetu ulikuwa bado wa nyasi. "Wenzako wanaezeka nyumba, wewe unaezeka meza? Haya, chukua kile kipande kilichobaki cha paa."

"Kile kina migongo. Uji ukimwagika unatuama kwenye mifereji, nzi wanahamia."

"Basi utawafuga."

Sikucheka. Niliuza choroko zangu, nikaenda Bariadi mjini.

Enzi ya ruksa ilikuwa imeingia, biashara zimefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuwa wanaifuata pamba mpaka vijijini, na maduka ambayo nilipokuwa sekondari yalikuwa na rafu tupu, sasa yalifurika. Muuzaji mmoja alinionyesha bati bapa linalong'aa kama kioo. Nililibonyeza kona kwa vidole viwili, likakunjika.

"Hili ni bati au karatasi?"

"Dada, hilo limetoka nje ya nchi."

"Basi lirudi."

Nikaenda kwa fundi anayetengeneza ndoo na karai. Lake lilikuwa zito, la kijivu, halina urembo wowote. Nililigonga, likajibu kwa sauti nene. Nikalichukua. Nilipomaliza kujenga matofali, fundi alikuja kulipigilia mwenyewe, akazikunja kingo kwa chini zisimkate mtu.

Mama mkwe alipokuja aliipitia ile meza mwanzo hadi mwisho kama anakagua ng'ombe wa mahari.

"Mayu," aliniita. Kwetu mwanamke huitwa hivyo kwa heshima, ila siku hiyo heshima aliiacha mlangoni. "Sasa utapika umesimama, kama mwanaume anachoma nyama mnadani?"

"Ugali nitausonga nimekaa, mayu. Nikiepua tu, unapanda juu."

Alichukua kikombe cha maji ya ukwaju niliyoyaweka kwa ajili ya uji, akayadondosha juu ya bati, akangoja, kisha akapangusa kwa khanga yake. Doa likabaki.

"Umeona? Limeharibika hata halijapikiwa. Huko fomu foo hawakuwafundisha?"

"Walitufundisha. Bati limepakwa zinki, na zinki haipatani na uchachu; nililijua hilo kabla sijanunua. Sikununua mng'ao, mayu."

Nikaiepua sufuria ya uji, nikaitua palepale juu ya doa lake.

Mtoto akaja anatambaa. Akashika matofali, akajivuta akasimama, akaunyoosha ule mkono wenye kovu kuelekea kwenye mvuke. Haukufika. Akajinyoosha tena kwa vidole vya miguu. Haukufika. Akaangua kilio cha hasira, na mimi nikamwacha alie.

Mama mkwe alimtazama mjukuu wake, akaitazama sufuria.

"Na akirefuka?"

"Nitaongeza tofali."