Kona Aliyoila Mtoto

Jumapili moja ya Novemba, 1996. Jua kali tangu asubuhi. Baada ya adhuhuri mawingu yalijaa upande wa bara, yakanguruma kidogo, lakini mvua haikushuka. Nilishukuru, kwa sababu kona moja ya nyumba yetu ilikuwa imebaki miti na fito tu, na aliyeila ni binti yetu.

Nasema aliila, na maana yangu ni kwa mdomo. Tulikaa mtaa wa Likombe, karibu na bandari, katika nyumba ya udongo niliyoikandika kwa mikono yangu nilipoanza vibarua vya bandarini. Mtoto alipoachishwa ziwa alianza kuchokonoa ukuta karibu na mlango, pale penye mtungi wa maji. Udongo wa pale ulikuwa na unyevu, ukanukia kama ardhi iliyonyeshewa sasa hivi. Alitia kidole, akatoa kipande, akakimumunya taratibu, macho yake yako mbali. Siwezi kusema alikuwa mtundu. Alikuwa na shughuli yake tu.

Mke wangu alimpeleka kliniki. Muuguzi akasema damu yake ni kidogo, akampa dawa ya minyoo na ya kuongeza damu, akamsema mama kwa upole kuhusu mboga za majani. Mimi nilikuwa kazini, sikusemwa, na hilo sikuliona kuwa haki, maana hata mimi nilikuwa nakula chungu hicho hicho.

Dawa alikunywa, na ukuta akaendelea nao. Nikahamisha mtungi. Nikatwanga majani ya mwarobaini, nikapaka ile kona yote. Mtoto alilamba mara moja, akakunja uso, akahamia upande wa pili wa mlango. Nikasogeza sanduku la nguo kuziba pale. Akajipenyeza nyuma ya sanduku, tukawa tunamsikia anatafuna bila kumwona.

Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno, alikuwa akipita ananiuliza, "Shemeji, akimaliza hiyo anakuja kwangu? Niambie mapema nijenge ya matofali."

"Ya kwako ina chumvi," namjibu. "Haipendi."

Nilicheka naye, lakini ndani sikucheka. Mvua za msimu zilikuwa mlangoni. Kona ile ikipigwa na mvua wiki moja tu, ukuta wa mbele ungelala chini. Nikamlalamikia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, tukiwa kazini tunapumzika kwenye magunia ya korosho. Nililalamika kama mtu anavyolalamikia jua. Yeye akayapeleka maneno kijijini Mpapura kwa mama yao.

Ndiyo maana Jumapili ile mama mkwe alifika. Kwetu mtoto akishaachishwa ziwa si ajabu bibi mzaa mama akamchukua amlee, na baba hana sana la kusema, kwa kuwa watoto ni wa upande wa mama. Desturi hiyo siilaumu. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na nilipendwa. Ila nilikuwa nimezoea kurudi kutoka bandarini nikamkuta mlangoni, mdomo mwekundu kwa udongo, ananyoosha mikono.

Nilimwamkia mama mkwe nikiwa nimeinama, nikakaa mbali karibu na mlango, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa.

"Nimekuja kumchukua mjukuu wangu," akasema. "Nasikia anawabomolea nyumba."

Mke wangu aliniangalia. Nami nikamwangalia yeye.

"Mama," nikasema mwishowe, nikiitazama mikeka, "ukuta nitaukandika upya."

"Ukandike, aule tena?"

Mtoto, ambaye hakujua kuwa anasemwa, alikwenda kwenye kona, akabandua kipande, akamletea bibi yake. Mama mkwe akakipokea kwa mikono miwili kama mtu anayepewa zawadi. Akakinusa. Akakimega kwa jino.

"Udongo huu mmeutoa wapi?"

"Kwenye kichuguu, mama," mke wangu akajibu.

"Na nyumba yangu ilikandikwa kwa udongo gani?"

"Wa kichuguu, mama."

"Basi nimpeleke akale ya kwangu? Ninyi mna mwanaume wa kukandika. Mimi nina nani?"

Mke wangu alicheka mpaka akashika ubavu. Mimi nilitoka nje kutafuta jembe, maana machozi yalikuwa karibu na sikutaka mkwe ayaone.

Mpaka leo sijui kama alimaanisha ukuta wake. Mke wangu anasema mama alikuwa amechoka na watoto, alitafuta sababu tu. Mimi nadhani aliusoma uso wangu, ingawa sikuuinua. Huenda mke wangu ndiye aliyepatia. Ni mama yake.

Alasiri ile tulikandika kona sote. Mama mkwe alisema kwamba juu ya udongo wa kichuguu tupake wa kichanga uliochanganywa na majivu, ambao haunukii wala hauna ladha. Mtoto alipiga viganja vyake kwenye ukuta mbichi, akajilamba, akatema. Siyo kwamba aliacha siku hiyo hiyo. Mpaka mwaka ulipogeuka nilikuwa bado nakuta alama za kidole hapa na pale. Lakini mvua ilipokuja, ukuta ulisimama.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, na samaki mkavu aliyekuja na mama mkwe. Wao walikula ndani, mimi nikatengewa sahani yangu barazani, kwani sili sahani moja na mkwe wangu. Mtoto alikula kule kwanza, kisha akatoka na tonge mkononi, akakaa kwangu, akala tena.