Siku Niliyokuta Kompyuta Inamtukana Fundi

Nilipofika kwa Fundi, nilikuta kompyuta inamtukana.

Sauti kavu, haipandi wala haishuki. "Mvivu wewe. Umetupotezea muda. Umeshindwa, ondoka."

Yeye ametulia kitini, anasikiliza.

Maneno yale nilikuwa nayajua. Niliyachochea mimi.

Ngoja nieleze.

Fundi alitengeneza programu ya kuwasomea wasioona maandishi ya kwenye skrini. Ya bure, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi: mwenye ujuzi anaingia, anarekebisha. Aliianza kwa ajili ya mama yake aliyepofuka ukubwani. Ikaenea, tukawa kundi la watu elfu mbili mtandaoni.

Mimi msimbo sijui hata mstari mmoja. Kazi yangu ilikuwa habari. Kila Ijumaa nawaeleza watu kazi imefikia wapi. Wakaniita Mpiga Mbiu, kichwa kikavimba.

Toleo jipya tuliahidi mwezi wa tatu. Wa nne ukakatika. Namwandikia Fundi, hajibu. Nikapiga simu mara moja, haikupokelewa, nikaachana naye.

Watu wakaniandama. "Mpiga Mbiu, vipi? Au nawe unatuzuga?"

Ijumaa moja nikaandika: "Ndugu zangu, kazi imesimama. Fundi ametutelekeza, hata kujibu hataki."

Ndani ya saa moja, majibu mia tatu. Matusi ya kila aina.

Nisiwafiche, nilipata raha. Angalau hawakuwa wakinisema mimi.

Siku ya tatu nikaenda kwake kumbana anikabidhi mradi. Dada yake akafungua mlango.

"Wewe ndiye Mpiga Mbiu?"

"Ndiye."

"Pita. Anasikiliza mambo yenu tangu juzi. Namwambia azime, hataki."

Nikaingia. "Kaka, mbona ulikaa kimya?"

Akageuza uso. Akaliangalia pazia, mimi nikiwa upande wa pili.



"Nilikutumia ujumbe wa sauti kutoka hospitali," alisema taratibu. "Macho yamefanya kama ya mama. Nikakuomba uwaeleze watu. Nilijua umeshawaeleza."

Nikatoa simu. Upo. Dakika nne, wiki saba nyuma. Sikuwahi kuufungua. Nilipoona urefu ule nilisema nani ana muda.

"Na bado alikuwa anafanya kazi," dada akadakia. "Anasomewa mstari mmoja mmoja. Alibakiza kidogo tu."

"Leo hii nitaandika, niwaombe wakuombe radhi," nikasema.

"Andika," Fundi akasema. Akapapasa kibodi, sauti ikakatika. "Waambie nimeondoka, kama walivyotaka."

Niliandika. Mamia wakajuta, wengine wakasema wamelia. Nikauliza nani atamalizia kazi iliyobaki.

Hakujitokeza hata mmoja. Lile toleo halijatoka mpaka leo.

Wewe unayesimamia kundi, mtu wako akinyamaza, mfuate nyumbani kabla hujafungua mdomo mbele za watu.

Mimi nilimfuata. Ila nilianza na watu.