Bi Rukia Hataki Pesa Zangu za Maua

Mhariri, ahsante kwa kukubali kulificha jina langu, maana Mji wa Kale ni mdogo na jamaa zangu wamejaa kila mtaa. Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na minne, napiga taipu katika ofisi moja karibu na bandari, na mwezi ujao naolewa. Mchumba wangu nampenda, tena sana, kwa hivyo msidhani nalilia mwanamume. Nalilia maua.

Kwa msio wa huku kwetu: siku ya kupamba, bi harusi hutolewa mbele ya wanawake akiwa amevishwa koja la asumini, na vikuba, vile vishada vya asumini na mrehani, vimebandikwa kifuani. Ukitoka bila asumini, watu watakula pilau yako na kukusema mpaka uzeeke. Baba alishafariki na gharama nyingi nabeba mwenyewe, basi mamangu akanituma kwa mtunga maua anayesifika kuliko wote, tumwite Bi Rukia, akaaye nyuma ya Ndia Kuu na ua wake umejaa miti ya asumini.

Nilimwamkia, nikamweleza haja yangu. Akanambia, "Elfu tatu." Binti wa jirani yetu alitungiwa na huyo huyo kwa elfu moja! Mimi kupatana bei nakujua, Marikiti wauza ndizi wakiniona hukunja uso. Nikamtajia ile elfu moja. Hakuinua hata macho, akasema, "Basi elfu nne." Niliporudi wiki ya pili kumbembeleza, ikawa elfu tano. Wafanyabiashara wote duniani hushuka, huyu anapanda!

Mara ya tatu uvumilivu ulinishinda. Nikamwambia, "Bi Rukia, kama hutaki kunitungia, si unambie la, niende zangu?"

Akaiweka sindano chini. "Kumbe wajua kuwa mtu huambiwa la," akasema. "Mwaka juzi nalikuja kwenu na dadangu, kukuposa wewe kwa mwanangu. Mamako akatukaribisha, akatupa sharubati, akasema atatuletea jibu. Mpaka hivi leo sijaliona. Mwanangu ashaoa Malindi, ana mtoto. Wewe nawe waolewa. Mimi ndiye bado nangoja."

Wallahi sikuwa najua lolote. Kwetu posa ikikataliwa, mtu huenda mpaka nyumba ya watu, akae, aseme kwa maneno mazuri kwamba haikuandikwa. Kunyamaza kabisa ni kumwambia mwenzio kwamba hafai hata kujibiwa.

"Pesa zako sizitaki, mwanangu," akaendelea. "Mamako na aje akae hapa nimtilie kahawa, anambie la kwa mdomo wake. Akishasema, nitakutungia bure, na asumini za kumwaga kitandani nikuongeze juu yake."

Nilifika nyumbani na hasira zangu. Mama alikuwa akichambua mchele. Nikamuuliza, "Mama, ni kweli Bi Rukia alikuja kuniposa?"

"Alikuja."

"Mbona hukunambia?"

"Nikwambie nini? Kuwa mtunga maua ataka kuwa mkwe wetu?"

"Sasa mbona ulinituma kwake?"

"Kwa sababu hakuna atungaye kama yeye. Mwongezee pesa, atatunga."

Alisema hivyo bila haya, akaendelea na mchele wake. Nilipomwomba aende, akaapa kwamba nikirudia maneno hayo, siku ya kupamba atajifungia chumbani. Mashangazi zangu nao wamesimama upande wake, wananiuliza nikimdhalilisha mamangu radhi zake nitazipata wapi. Mchumba wangu anasema tununue mawaridi ya bara katika duka la mjini, yaishe. Hayanuki chochote yale, halafu hajaelewa hata kidogo kinachoniuma.

Kinachoniuma ni kwamba posa ile ilikuwa yangu na sikuulizwa. Kijana wa watu sikuwahi kumtamani. Ningekataa mwenyewe, na ningekataa kwa adabu, na Bi Rukia asingekaa na kinyongo hiki miaka yote. Sasa mimi ndiye natolewa jasho kwa kiburi ambacho si changu, kila nikipita Ndia Kuu nageuza uso, na harusi hiyo inakuja.

Wasomaji, semeni nami kama dada yenu. Niende mwenyewe nikampe Bi Rukia jibu lake, mamangu anikasirikie na niolewe bila radhi zake? Au nimwongezee pesa kama nilivyoagizwa, na akizikubali nizivae hizo asumini hali najua kwamba kwetu aliyezitunga hakuhesabiwa kuwa mtu?