Makofi ya Damas

Sylvester, askari wa jela ndogo karibu na Kanyenye, hakuwahi kumwogopa mfungwa mpaka alipoletwa Damas, mkulima wa Igalula. Kila mara bwana jela alipopita, Damas alipiga magoti na kupiga makofi, kama Wanyamwezi wanavyomwamkia mtemi. Bwana jela, Mwingereza, aliona anadhihakiwa. Akaamuru kesho yake achapwe viboko.

"Mtemi wako mwenye kofia leo kakasirika!" askari wengine walimcheka Damas. Sylvester hakucheka. Damas alikuwa amekonda mno, viboko vingemwua.

Jioni alimpelekea uji. Kabla hajafungua mlango, akasikia makofi ndani, polepole, ya heshima. Akachungulia. Damas alikuwa amepiga magoti mbele ya pembe tupu ya chumba, anatetemeka, jasho linamchuruzika.

"Unamwamkia nani, ndugu yangu?"

"Piga magoti, afande! Anakutazama."

Baba yake Sylvester, mpagazi wa zamani wa misafara ya Ujiji, alikufa akizungumza na pembe kama ile, na watu wakasema ni ulevi. Tangu hapo Sylvester aliziogopa hata pembe za nyumba yake.

Akapiga magoti kando ya Damas, akamnywesha uji. Kisha akaenda kwa bwana jela.

"Bwana, hakudhihaki. Hupiga makofi hata akiwa peke yake. Anaumwa. Njoo umwone."

Bwana jela akaja, akachungulia, akamwona Damas akiipigia makofi ile pembe. Viboko vikaahirishwa mpaka daktari aje.

"Wewe utakaa naye," akamwambia Sylvester.

Sylvester akaketi ndani, mgongo ukutani, asithubutu kuitazama ile pembe.