Majambia ya Zimamoto Ukutani Kwangu

Mke wangu alinionya mapema. "Mama akija, toa hivyo visu vyako ukutani. Wenzako wanatundika kalenda, wewe unatundika visu."

Nilimsikia, lakini nusu. Nilikuwa na tabia ya kupekua vyuma chakavu kwa wahunzi wa pale Mpanda, nikitafuta vitu vya Wajerumani wa zamani. Singe mbili, vile visu vya kuchomeka kwenye bunduki, nilizitoa nikazifunga kwenye gunia. Majambia mawili nikayaacha. Padri mmoja mzee, mzaliwa wa huko Ujerumani, alikuwa amenionyesha kofia na mashoka ya wazima moto yaliyochorwa kwenye bapa za majambia hayo: ni ya maofisa wa zimamoto, ya kuvaa siku ya gwaride tu, hata makali hayana. Kwa akili yangu ya darasa la saba nikaona hayo si visu, ni mapambo.

Mama mkwe alitoka Katumba, kwenye makazi ya waliokimbia Burundi, aje amlee binti yake. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza, na hatukuwa na mtu mwingine wa kumtunza. Mama aliingia na mkungu wa ndizi kichwani, akicheka tangu mlangoni. Kisha akatazama ukuta.

"Hivyo ni vya nini, mkwe wangu?"

"Vya sare ya wazima moto, mama. Vya Ujerumani."

"Mzima moto anabeba maji. Kisu atamchinja nani, moto?"

Mke wangu alicheka kule kitandani. Na mimi nikacheka, nikadhani yamekwisha. Nikatungua jambia moja, nikamnyooshea aguse mwenyewe, aone halikati. Kwao, na hata kwetu, kisu hakipokelewi mkono kwa mkono. Unakiweka chini, mwenzako anakiokota. Nilikuwa najua. Ila kichwani mwangu kile hakikuwa kisu.

Alirudi kinyumenyume mpaka nje. Hakunitukana, nisimsingizie. Alimwambia binti yake kupitia dirishani, "Mume wako ni mtu mzuri, lakini humu mimi silali. Waliotuchomea nyumba nao walikuwa na sare nzuri."

Jioni ileile nilivirudisha vyote kwa mhunzi. Nikamwambia mama ukuta sasa ni mtupu. "Asante, baba," akasema, akabaki palepale uani.

Alilala kwa jirani mpaka siku ya kuondoka. Mtoto tulimtoa nje aogeshwe kwenye beseni, hata asubuhi za baridi, na mke wangu alijikongoja kumfuata, akishika ukuta, kwa sababu ndani hakukuwa na wa kumnywesha uji wala kumkanda. Sijui kama ningeomba radhi vizuri angeingia. Labda hapana. Lakini sikuomba, nilisema tu ukuta ni mtupu.

Siku moja jirani akamuuliza, "Bibi, mbona mjukuu humlei ndani?"

"Nyumba yao ina moshi," mama akajibu. "Unaniumiza macho."

Jiko letu lilikuwa nje. Nilikuwa nimesimama hapo na ndoo ya maji ya moto, nikaitikia, "Kweli, unafuka sana."