Paswadi Haitolewi kwa Simu

Siku hizo wifi alikuwa mtu, si mtandao. Wifi yangu alikuwa mfanyabiashara wa vitenge, mwenye kuvuka mpaka wa Uganda na Kongo pale Vurra kama mtu anayekwenda kisimani, na simu yake ndiyo ya kwanza katika ukoo wetu kuwa na kamera. Nilipojifungua binti yangu mjini Arua, kwa upasuaji, ndiye aliyempiga picha. Mtoto alikuwa amefumba macho na kukunja uso kama ofisa wa forodha.

Picha ilihitajika haraka. Kwa baba yangu, kule Koboko, mjukuu hapewi jina mpaka babu amtazame usoni. "Jina hapana shati," alizoea kusema. "Hapana valisha tu kila mutu." Lakini baba alikuwa amevunjika mguu, na mimi na mshono wangu tusingethubutu ile barabara, ambayo wakati huo ilikuwa vumbi na mashimo. Basi mtoto akakaa bila jina. Mume wangu akawa anamwita Huyu. Huyu amelia, Huyu amelala. Jambo hilo lilinichoma kuliko mshono, nikamwambia mume wangu akimwita hivyo tena na yeye nitamwita Yule.

Wifi akaituma picha kwenye simu ya baba, kisha akavuka kwenda Kongo na bidhaa zake, na tangu hapo hakupatikana hewani.

Simu ya baba ilikuwa ya tochi: kupiga, kupokea, na kumulika njia ya chooni. Picha isingeingia humo hata kwa kusukumwa. Kampuni ya simu ikamtumia meseji badala yake, kwa Kiingereza: umetumiwa picha, ifungue kwenye intaneti kwa paswadi hii, baada ya siku chache itafutwa. Kaka yangu alikuwa na kibanda cha kuchajia simu pale sokoni Koboko, na simu yake ilifungua intaneti. Ukurasa wenyewe aliujua. Alichokosa ni paswadi tu.

Sasa baba amekuwa askari tangu ujana wake. Kwa askari, paswadi ni neno la kupitia lindoni. Unalikariri, unaharibu karatasi, na humpi mtu yeyote isipokuwa mlinzi aliyekusimamisha. Baba aliisoma ile meseji, akaikariri, akaifuta.

Nikampigia. "Baba, nipe hiyo paswadi."

"Mimi hapana toa paswadi kwa simu. Adui iko nasikia."

"Adui gani, baba? Ni picha ya mtoto!"

"Ona, sasa wewe nasema siri yote," akajibu, akakata simu.

Nililia kwa hasira, kisha nikacheka, na kucheka kukauma kuliko kulia. Kaka naye alikwenda kumbembeleza, akaambiwa hana cheo. Siku zikayoyoma mpaka ikabaki ile moja ya mwisho, na picha nyingine hatukuwa nayo.

Aliyeamua kesi ni mama. Mke wa askari naye amelala kambini. Mchana huo alichukua mchi wa kinu, akajibanza nyuma ya mlango, akamsubiri baba aliyekuwa anachechemea kutoka chooni na gongo lake na birika la maji.

"Simama! Nani iko huko?"

Baba akakauka. Birika likaanguka.

"Rafiki!"

"Rafiki, sema paswadi!"

Akaitaja yote, herufi kwa namba, kwa sauti ya gwaride, huku kaka akibonyeza vitufe nyuma ya ukuta.

"Pita, rafiki," mama akasema, kisha akakaa chini na mchi wake, mbavu hana.

Baba alinuna, lakini alisogea kutazama. Kaka akanipigia kwa simu nyingine ili na mimi nisikie. Picha za siku hizo hazikufunguka mara moja. Zilishuka kutoka juu, mstari baada ya mstari, na watu mnangoja. Zikaja nywele, mama akapiga vigelegele. Likaja paji la uso, zikaja nyusi na ile ndita katikati, yakaja macho yaliyofumbwa. Hapo vocha ikaisha, na picha ikasimama puani. Kaka akataka kukimbilia sokoni kununua nyingine.

"Wacha," baba akasema. "Inatosha."

Kisha nikamsikia baba analia, na sikuwahi kumsikia akilia kabla ya siku ile. Ndita ile ilikuwa ya mama yake. Alimwacha nyumbani alipoingia jeshini, akafariki yeye akiwa mbali, wala hakuna picha yake hata moja. Wajukuu wote waliotangulia aliwatazama usoni akawapa majina mengine. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anamtafuta mama yake, nasi tulidhani ni ukaidi wa uzee.

"Huyu iko mama yangu," akasema, akalitaja jina lake.

Siku hizi binti yangu humpigia babu yake kwa video, na uso wake unatokea wote kwa mpigo, kidevu na kila kitu. Mzee haoni vizuri tena, lakini utaratibu wa lindo hajauacha.

"Simama! Paswadi?"

Binti yangu hutaja jina lake.

"Pita, mama," mzee humwambia. "Pita."