Wimbo Aliotungiwa Mbuke

Mihayo alikuwa manju, mtunzi wa nyimbo za ngoma, na kijiji chao upande wa Mwakitolyo kilimwogopa kuliko karani wa baraza. Karani angekutoza faini, ukalipa, yakaisha. Mihayo akikuimba, umekwisha: utaimbwa kisimani, shambani, hata kwenye matanga ya mama yako mzazi. Naye alijijua, tena akaringa.

Mwaka 1949 mvua zilikatika mapema. Ng'ombe walitafuna hadi mizizi, nchi ikabaki kipara. Nyasi ndefu zilisalia mahali pamoja tu, kwenye ngitili, malisho ambayo wanakijiji walikubaliana kuyafunga hadi Septemba. Asubuhi moja pembe nzima ya ngitili ikakutwa imefyekwa.

Nani? Watu wakamtazama Mbuke, mjane mwenye ng'ombe mmoja mgonjwa aliyekuwa akimlisha nyumbani. Hakuna aliyemwona akifyeka. Lakini Mihayo alihitaji shahidi wa nini? Alikwisha kupata mistari minne ya kumwita mwizi wa nyasi, na ilikaa vizuri mno asiweze kuitupa.

Wimbo ukaimbwa siku ya kuchimba lambo la kijiji, bwawa la kunyweshea ng'ombe. Majembe yalishika mapigo, watu wakacheka hadi machozi. Mbuke aliweka chini kikapu chake cha udongo, akaenda zake. Tangu hapo hakuna aliyempa moto wala kumtwisha mtungi.

Wiki ya pili Mihayo alikuwa ameketi kwenye banda jipya la ngoma, akitafuta mstari wa tano. Akainua macho. Paa lilikuwa la nyasi ndefu, nene, bado zinanukia. Alikumbuka alivyowaambia wachezaji wake: "Nataka banda kabla ya mashindano. Nyasi mtajua wenyewe." Nyasi ndefu, nchi nzima kipara, naye hakuuliza! Akamwita Donatus, mkubwa wa wachezaji.

"Hizi mlizitoa wapi?"

Donatus akainamisha kichwa. "Manju, tulidhani unajua. Tukadhani ule wimbo ulikuwa wa kutuficha."

Mihayo alitamani ardhi ipasuke immeze. Angeweza kunyamaza, na kwa siku mbili alinyamaza kweli. Siku ya tatu alisimama lamboni mbele ya watu wote, akasema kila kitu, kisha akaimba wimbo mwingine wenye jina lake mwenyewe ndani yake. Akatozwa ng'ombe, banda likavuliwa paa. Jioni hiyo wanawake wakampelekea Mbuke moto.

Kesho yake Mihayo akaenda kwa Mbuke.

"Mwangaluka, mayu," akamwamkia kwa Kisukuma, kama mtu na mama yake. "Nimekuja kuomba msamaha."

"Nimekusamehe, baba. Moto nimerudishiwa. Sasa urudishe na wimbo."

Hakuelewa, mpaka aliposikia uani. Wajukuu wa Mbuke walikuwa wakitwanga mtama, wakiimba ule wa kwanza, wa kumsuta bibi yao. Ule wa pili hakuna aliyeushika. Ulitungwa haraka na mtu mwenye kilio kooni. Mbuke akawakemea, wakanyamaza. Baada ya kitambo wakaanza tena, bila hata kujua.

Jambo lililomwaibisha Mihayo hadi uzeeni, ambalo hakumsimulia mtu isipokuwa mkewe, ni kwamba pale mlangoni, mbele ya macho ya Mbuke, alijikuta mguu wake unafuata mapigo.